Lini upande meza kwenye poka ya limiti

Ukishinda dola 80 ndani ya wiki moja kwenye meza ya mtandaoni ya senti 50 kwa dola 1, bado hujapata ruhusa ya kuhamia dola 1 kwa dola 2. Ulichopata ni madau makubwa 80 (dau kubwa ni lile la juu la meza, hapa dola 1), na kwa mikono 3,000 hivi, yaani karata zikigawiwa mara 3,000, kiasi hicho huja na kuondoka chenyewe, ucheze vizuri au vibaya.

Tuelewane kwanza kuhusu vipimo. Meza ya dola 1 kwa dola 2 ina maana kwamba dau ni dola 1 kabla ya karata za mezani na kwenye zile tatu za mwanzo, kisha dola 2 kwenye karata ya nne na ya tano. Kupandishana nako kuna kikomo, kwa kawaida madau manne kwa kila mzunguko. Kwa hiyo hakuna mkono mmoja wa kukumaliza. Pesa huisha polepole, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Mtaji wako uhesabu kwa madau makubwa. Dola 600 ni madau 300 kwenye meza ya 1 kwa 2, lakini ni 150 tu kwenye meza ya 2 kwa 4.

Mchezaji mzuri wa ngazi za chini akipata dau kubwa 1 kwa kila mikono 100, anafanya vyema. Tatizo ni kwamba kipimo cha kuyumba kwa matokeo kwenye mchezo huu huwa karibu madau 16 kwa kila mikono 100. Ukicheza mikono 10,000, wastani wako bado unaweza kupotoka kwa madau 1.6 kwa mia, juu au chini, bila chochote cha ajabu kutokea. Anayepoteza huonekana bingwa, na bingwa huonekana mbovu. Kwenye mikono 100,000 upotokaji huo hushuka hadi 0.5. Si lazima usubiri hiyo laki yote, lakini chini ya mikono 30,000 usiyape matokeo uzito mkubwa. Pitia maamuzi yako kwenye kumbukumbu za mikono.

Mtaji nao una hesabu yake. Chukua kile kipimo cha kuyumba, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa mara mbili ya wastani wako wa ushindi, kisha zidisha kwa 3. Utapata madau yanayokuacha na hatari ya kufilisika ya asilimia 5 hivi. Kwa 16 na ushindi wa 1, jibu ni 384. Wastani ukiwa nusu, jibu linaruka hadi 768. Na wastani hushuka ukipanda, kwa sababu wapinzani wanakuwa wakali zaidi, ingawa makato ya nyumba, yaani kampuni inayoendesha meza, kwa kawaida hupungua ukiyapima kwa madau. Ile kanuni ya zamani ya madau 300 inamfaa mtu aliye tayari kushuka bila kubishana na nafsi yake. Kwa wengi wetu naona 500 ya meza unayoiendea ndiyo salama, yaani dola 1,000 kwa meza ya 1 kwa 2.

Mtaji huo uwe pesa ambayo haina kazi nyingine. Hapa Dar mwenye nyumba anaweza kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na pesa hiyo ikikaa kwenye simu ikisubiri tarehe inafanana sana na mtaji. Siyo mtaji, na ya kikoba vilevile. Hakikisha pia kampuni unayochezea ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania.

Meza ya juu ni mchezo tofauti kidogo. Chini, watu wanne au watano huingia kutazama karata tatu za mwanzo, na karata mbili ndogo za kopa zinalipa. Juu, mara nyingi mnabaki wawili: mmoja amepandisha ili aibe madau ya lazima, mwingine anayatetea. Jozi ya juu hupanda thamani, karata za kubahatisha hushuka. Kama hujui utetee dau lako la lazima kwa karata zipi, bado hujawa tayari, hata mtaji ukiwa umetimia.

Kosa linalogharimu zaidi hutokea kwenye karata ya tano. Mezani kuna madau 7, unaombwa ulipe 1. Ukishinda zaidi ya mara moja kati ya nane, kulipa kuna faida. Kulipa kimakosa kunakula dau 1, kutupa karata iliyokuwa inashinda kunakula 7. Mtu aliyepanda hadi meza ya 2 kwa 4 akiwa na hofu huanza kutupa hapo hapo, kwa sababu dola 4 zinamuumiza kuliko zile 2 alizozizoea.

Panda kwa majaribio. Tenga madau 60 ya meza mpya, fungua meza moja tu huku zile za zamani zikiendelea, na chagua saa ambayo intaneti yako haisumbui. Umeme ukikatika au bando likiisha katikati ya mkono, muda wako unaisha na mifumo mingi inakutupia karata. Andika kabla ya kuanza kwamba 60 zikiisha unarudi siku hiyo hiyo. Madau 60 ya juu ni 120 ya chini. Kwa wastani wa 1 kwa mia, hiyo ni mikono 12,000 ya kuyarudisha, karibu saa 50 kwenye meza tatu za watu sita.