Mshipa wa shingo umebana asilimia 20 na mama "amekuwa mzito": majibu

Mkuu mleta mada, kama nimekuelewa: ripoti ya ultrasaundi ya mama (miaka 61) inasema ukuta wa mshipa wa shingo una unene wa milimita 1.1, kuna utando wa mafuta uliobana njia asilimia 20 upande wa kushoto, na siku hizi hesabu za duka zinamchelewesha. Ubongo unakosa damu?

Kwa asilimia 20, hapana. Damu haipungui kwa kiasi cha maana mpaka mbano uvuke nusu ya kipenyo. Tafuta palipoandikwa PSV, yaani kasi ya juu ya damu moyo unapopiga. Chini ya sentimita 125 kwa sekunde, tulia. Ikipita 230, hapo ni asilimia 70 kwenda juu, na hiyo ni mada nyingine.

Ila msilale. Mshipa wa shingo wenye afya hutanuka kila pigo na kumeza kishindo cha moyo. Ukikakamaa, kishindo kinafika kikiwa na nguvu zake kwenye vishipa vyembamba vya ndani ya ubongo, na vinavyoumia zaidi ni vile vinavyolisha nyuzi ndefu zinazounganisha ubongo wa mbele na wa nyuma. Vituo vya ubongo vinaweza kuwa vizima, nyaya kati yake ndizo zinazolegea. Ndiyo maana mtu anakumbuka vizuri majina ya wateja, lakini kuhesabu chenji huku mwingine anauliza bei ya mchele kunamshinda.

Mdau aliyeshauri MRI ya kupima mitandao ya ubongo: kwa mgonjwa mmoja, sioni faida. Kipimo kile hakisomi neva, kinasoma oksijeni ya damu. Mishipa ikiwa migumu, damu inachelewa kuitika neva zinapoita, na picha itaonyesha mtandao dhaifu hata kama neva ni nzima. Watafiti wenyewe wanahangaika kutenganisha hayo mawili.

Hiyo pesa nunua mashine ya presha ya mkono wa juu. Akae kimya dakika 5, ameegemea, asikunje nne, mkono usawa wa moyo. Apime mara 2 asubuhi na mara 2 jioni, akipumzika dakika 1 katikati, kwa siku 7. Namba za siku ya kwanza tupa, zilizobaki tafuta wastani. Kitambaa cha mashine kikiwa kidogo kwenye mkono mnene kinapandisha presha ya uongo, na hili kosa liko kila mahali. Mpime pia akisimama: dawa ikizidi, presha inaporomoka akiinuka, na hapo ndipo ubongo unakosa damu kweli. Lengo ni kuwa chini ya 130/80 bila kizunguzungu.

Kwa daktari ulizia LDL (mafuta mabaya ya damu), sukari ya miezi 3 na kama anahitaji statini, dawa ya kushusha mafuta hayo. Aspirini asijianzishie. Kama anameza metformini (dawa ya kisukari) miaka mingi, apimwe vitamini B12, maana upungufu wake nao unaleta uzito huohuo wa kichwa. Tezi ya shingo pia ipimwe.

Na kwa kuwa utando uko kushoto: mkono wa kulia ukilegea, maneno yakigoma, au jicho la kushoto likifunikwa kama pazia, hata kwa dakika 5 tu kisha yakaisha, ni hospitali saa hiyohiyo, siyo kesho.