Timbo limefika majini, chai imeingia munyu

SWALI: Assalaam aleikum, mzee wetu. Ninakaa kisiwa cha Manda, huku Lamu. Wakata mawe wamefungua timbo hatua mia mbili hivi kutoka kisima chetu. Sasa wamefika majini na kila asubuhi wanayavuta kwa pampu ya dizeli. Tangu hapo chai yangu ina munyu. Jirani asema ni sumu kama ya migodi ya dhahabu. Nikifunge kisima?
Mama Swaleh, Manda

JIBU: Waaleikum salaam, binti yangu. Usikifunge. Sumu ya migodini hutoka kwenye zebaki na sayanidi za kusafishia dhahabu, au kwenye mwamba wenye salfa ukipigwa na hewa na maji ukatoa asidi. Jiwe letu la tumbawe ni chokaa, nayo chokaa huiua asidi. Ulimi wako umekwisha kupima: ni bahari.

Kisiwani maji matamu huelea juu ya maji chumvi. Kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Pampu ikishusha maji sentimita 10, chumvi yaweza kupanda mita 4. Ndiyo maana mimi naishuku pampu kuliko shimo.

Hakikisha kwa kamba na jiwe. Pima kutoka ukingoni hadi majini siku wanayopumzika, kisha kesho yake wakivuta, ukichelewa dakika 50, kwani maji kujaa nayo huchelewa hivyo na kisima hufuata bahari. Yakishuka, andika tarehe, uende ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji uulize kama wana kibali cha kuvuta, na NEMA, mamlaka ya mazingira, uombe kuona tathmini yao ya mazingira.

Atakayekwambia uchimbe zaidi, mkatalie. Ujanani nilikizidishia kina kisima cha shemeji yangu. Tukapata maji ya kuchemshia kaa. Hadi leo hanisalimu vizuri.

Kwa sasa ogeni na fueni hayo. Ya kunywa chota jabiani, kwenye birika la maji ya mvua, hasa kwa mwenye presha na maziwa ya mtoto.

Lakini dizeli hiyo yanikera. Mchanga wa vilima vya Shela, kule kisiwa cha Lamu, huchuja. Tumbawe lina matobo, kinachomwagika timboni chaweza kukufikia upesi. Ukiona rangi za upinde wa mvua juu ya ndoo, usingoje vipimo. Hata kuku usiwape.