Anatema sombe, anataka bitumbura

*Shangazi, nakusalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kadutu, hapa Bukavu. Shida yangu ni kitindamimba, wa kiume, ana miaka minne. Hadi kufikia miaka miwili alikula kila nilichompa. Sasa anataka maandazi yetu ya bitumbura, chai ya maziwa, mchele mtupu na viazi vya kukaanga, basi. Sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, anatema. Maharage anayatoa moja moja na kuyapanga pembeni ya sahani. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akiziona macho analia. Ili ale lazima nimwekee katuni kwenye simu, afungue mdomo bila kuangalia. Akilia kabla ya chakula kuiva, bibi yake humpa kikombe cha chai au biskwi apate kunyamaza, na shemeji akipita humwachia pesa ya bitumbura. Mama mkwe, ambaye tunakaa naye, anasema namdekeza. Juma lililopita alimbana pua akamsukumia tonge, mtoto akatapika. Baba yake naye huweka mkanda mezani wakati wa kula. Mimi hula mwisho, jikoni, wote wakishamaliza, na kila siku natupa chakula nilichokitafuta kwa jasho. Nimpige? Nimwache na njaa mpaka akubali? Au nimpikie tu anachotaka nipate amani?*

*Mama wa Kadutu*

Binti yangu, pole sana. Nitaanza na lile lisiloweza kungoja hata mlo wa leo jioni: mtoto asibanwe pua tena. Aliyebanwa pua huvuta pumzi kwa mdomo, na pumzi hiyo ikikuta tonge la bugali, tonge hufuata njia ya hewa. Mtoto anaweza kupaliwa akafa mikononi mwa watu wanaompenda. Mwambie mume wako hilo kwanza, kabla ya maneno yoyote juu ya malezi, kisha yeye amwambie mama yake. Likitoka kinywani mwa mwanawe, mama mkwe atalisikia kama kumlinda mjukuu. Likitoka kwako atasikia mkamwana anataka kumfundisha kazi.

Mkanda nao utoke mezani. Mtoto mwenye hofu koo lake hukauka na hamu yote humtoka, hata kama alikuja na njaa. Kisha harufu ya sombe inaungana kichwani mwake na mkanda ule, hata siku ambayo hakuna aliyemgombeza akaanza kukunja uso sufuria ikifunuliwa tu. Kutapika kule kulimwongezea sababu ya kuogopa. Kwa hiyo swali lako la kwanza nimelijibu: usimpige, na asipigwe na mtu yeyote kwa ajili ya chakula.

Sasa tumwangalie mtoto mwenyewe. Unayoyaeleza ni ya umri wake. Kati ya miaka miwili na sita hivi watoto wengi hupita kipindi cha kuogopa chakula wasichokizoea, wengine hukataa hata walichokuwa wakikililia jana. Tena mwili wake kweli unadai kidogo kuliko zamani. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufika karibu kilo 9 anapotimiza mwaka mmoja, lakini akishapita miaka miwili huongeza kama kilo 2 tu kwa mwaka mzima. Mama bado anakumbuka jinsi mtoto yule alivyokuwa akisafisha bakuli, anaona leo anaacha nusu, anaingiwa na wasiwasi, anaanza kumkimbiza na kijiko. Nakuelewa kabisa. Ila anayekimbizwa hujifunza kukimbia.

Lililonishtua katika barua yako umelitaja kwa kupita tu: chai ya kumnyamazisha, biskwi, na pesa za shemeji. Hesabu na mimi. Asubuhi chai yenye maziwa na sukari. Baadaye kidogo biskwi. Shemeji akipita, bitumbura, na bitumbura ni unga, sukari na mafuta, vinakaa tumboni. Jioni, mbabula, jiko la makaa, bado inapepewa, kikombe kingine cha chai. Bugali unapofika, mtoto huyu ameshakula, tena vitamu vitupu, na tumbo lake ni dogo. Mnamwita mchaguzi kumbe ameshiba. Nadhani hapa ndipo penye nusu ya shida yako yote, na dawa yake haihitaji pesa. Itazipunguza hata zile zinazotoka.

Panga saa za kula na uzishike: milo mitatu kama uwezo upo, na vitu vidogo viwili katikati, mfano ndizi mbivu, kipande cha parachichi, uji. Kama nyumbani kwako mlo mkubwa ni mmoja wa jioni, basi hivyo vidogo vipangiwe saa zao vilevile, na cha mwisho kiwe kama saa mbili kabla ya bugali. Katikati ya saa hizo ni maji tu. Chai iondoke karibu na mlo, kwa sababu majani ya chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga, na mtoto asiye na chuma cha kutosha hupungukiwa damu, na anayepungukiwa damu hamu ya kula humwisha. Unaona jinsi kikombe kile kinavyomzungusha. Maziwa ni mazuri, lakini yakizidi nusu lita kwa siku yanachukua nafasi ya chakula.

Siku za kwanza atalia. Shemeji aombwe kwa heshima: kama anampenda mtoto, alete parachichi kutoka soko la Kadutu badala ya kuacha franka.

Swali lako la pili, kumwacha na njaa mpaka akubali, nalikataa. Njaa ya kungoja saa ya kula ni kitu kizuri, lakini njaa ya adhabu ni ukatili, na mtoto anajua tofauti. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa kazi hii kwa namna ninayoipenda: mzazi huamua kinacholiwa, saa ya kula na mahali pa kula, mtoto huamua kama atakula na kiasi gani. Wazee wengi watasema huku ni kumpa mtoto utawala. Mimi naona ni kumwondolea vita. Wewe unabaki na sufuria yako na saa yako, yeye anabaki na mdomo wake.

Kwa hiyo usimpikie chungu cha pili. Bei ya makaa unaijua kuliko mimi, na mtoto anayepikiwa peke yake hatapata sababu ya kujaribu cha wenzake. Lakini katika chakula cha wote hakikisha pana kitu kimoja anachokimudu, hata kama ni mchele au viazi vya kuchemsha, ili asikae mbele ya sahani inayomtisha yote. Akila mchele tu, sawa. Usiseme neno. Mlo ukiisha vyombo vinatoka, na kinachofuata ni saa iliyopangwa.

Na sombe? Weka kwenye sahani yake kiasi cha punje moja ya haragwe. Kweli, punje moja! Umesema kutupa chakula kunakuuma, na una haki, mji huu hakuna anayepata chakula bure. Punje moja ikitupwa haijakufilisi. Mtoto huhitaji kukutana na chakula kile kile mara nyingi kabla ulimi haujakizoea, watafiti hutaja mara 8 hadi 15, na wazazi wengi tunakata tamaa mara ya tatu au ya nne. Kukigusa ni kukutana nacho, kukinusa vilevile, hata kukilamba na kukitema taratibu kwenye mkono. Haya maharage anayoyatoa moja moja na kuyapanga, mimi yananipa matumaini. Anayashika! Mwache ayapange. Siku moja, haragwe moja litaingia mdomoni.

Mpikie pia kwa kuujali ulimi wake. Mtoto huusikia uchungu kuliko sisi, na sombe ina uchungu wake na nyuzi zake. Unajua kwamba lazima itwangwe vizuri na ichemke sana, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu. Ya mtoto irudishe kwenye kinu hadi nyuzi ziishe, kisha itilie karanga zilizosagwa na mawese, ichemke tena taratibu mpaka ishikane. Mawese mekundu yana vitamini A, kwa hiyo hujampa ladha tu. Lengalenga, yaani mchicha, ni laini na haina uchungu mwingi, pengine ndiyo ya kuanza nayo kabla ya sombe. Sambaza kazikaange zikauke hadi zilie mdomoni, mpe moja bila kichwa ajaribu, na macho yale asiyaone kwanza. Usiziache kabisa, maana samaki mdogo anayeliwa na mifupa yake humpa mtoto kalsiamu ambayo mnofu wa samaki mkubwa hauna kwa wingi.

Kama mama mkwe atasema zamani watoto walikula kila kitu, mkumbushe kwa upole habari ya sambaza hizo hizo. Hazikuwamo Ziwa Kivu. Zililetwa kutoka Ziwa Tanganyika miaka ya 1950 ikielekea mwisho, na kizazi cha wazazi wake kilizikuta zikiwa kitu kigeni. Leo wavuvi wanakesha ziwani na mitumbwi mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu, taa zinamulika maji, na asubuhi mji mzima unazigombania. Watu wazima nao walizizoea kidogo kidogo, na hakuna aliyewabana pua.

Lakini mama mkwe usimfanye adui. Anahofia mjukuu wake kama wewe, ila alifundishwa njia moja tu. Mpe kazi yenye heshima: akae na mtoto wachambue maharage pamoja, wachume lengalenga, mtoto ashike vijiti laini na kurarua majani kwa vidole vyake. Mtoto aliyeshiriki kuandaa mboga huijua kabla haijawa chakula, na hilo hupunguza woga. Bibi na mjukuu wakiwa kwenye ungo mmoja, maneno ya kudekeza yatapungua yenyewe.

Sasa naomba jambo moja kwa ajili yako, na hili nalitaka kuliko mengine yote. Acha kula jikoni peke yako. Umeandika kana kwamba ni kawaida, na katika nyumba nyingi ni kawaida kweli, lakini fikiria anachokiona mtoto: mama anayemsihi ale sombe, ambaye yeye hajawahi kumwona akiila. Kaa naye. Bugali uwe mmoja katikati, mboga moja, watoto wote watatu na wewe, na bibi, na baba akiwepo. Mwone anavyokutazama ukichovya tonge. Zungumzeni habari za siku nzima, sombe msiitaje. Watoto huiga mikono ya wanaowapenda. Tena wewe pia unahitaji kula chakula kikiwa cha moto, binti yangu, na kushiba.

Simu izimwe. Najua ndiyo iliyokupa amani ya muda, ila anayekula huku macho yakiwa kwenye katuni hajui anakula nini wala ameshiba lini, kwa hiyo siku mia za kulishwa hivyo hazimsogezi hata hatua moja kwenye kukizoea chakula. Kama kuzima ghafla kunazua vita, anza na mlo mmoja kwa siku.

Na tafadhali usimwambie "kula sombe nikupe biskwi". Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Leann Birch, na wenzake walionyesha kwamba watoto waliozawadiwa ili wanywe kinywaji fulani walikuja kukipenda kidogo kuliko mwanzo. Mtoto hufikiri: kama lazima nilipwe, basi kitu hiki kibaya kweli.

Haya yote ni ya mtoto mzima wa afya. Kwa hiyo kabla ya kunisikiliza zaidi, mpeleke kituo cha afya siku ya kupima watoto, uchukue na karatasi yake ya kilo. Waulize kama uzito unapanda. Wampime mkono kwa ule utepe wa rangi: kwa umri wake kijani ni salama, njano ni kuanzia milimita 115 hadi chini ya 125, nyekundu ni chini ya 115 na hapo ni matibabu. Waulize kama ameshapata dawa ya minyoo mwaka huu, wamtazame meno na damu. Jino bovu likimuuma atakataa maharage na kutaka mchele laini, na hakuna atakayejua sababu. Kama anapungua kilo, anapaliwa au kutapika mara kwa mara, anakula udongo, nywele zinabadilika rangi, au ukimbonyeza mguu kwa kidole shimo linabaki, usijaribu kwanza ushauri wangu wowote. Mbebe uende naye siku hiyo hiyo.