Maswali ya Wasomaji: Ukimfunga Yanga Siku Moja Ndo Umekuwa Mkubwa?

SWALI: Kaka za kazi, mi ni shabiki damudamu wa Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, nipo Ujiji. Nna shemeji yangu yuko Tabora mjini, shabiki wa Tabora United, huyo mtu ananinyima raha, kila tukipigiana simu lazima anikumbushe Novemba 2024 walivyomchapa Yanga 3-1 palepale Chamazi, afu anamalizia na nafasi ya 5 waliyoshika msimu ule sisi tukiwa chini yao. Mi namjibu sisi tulimtoa Simba kombe la shirikisho Aprili 2024, kwa matuta, hapahapa uwanja wa Lake Tanganyika. Hebu tuamulie, mkubwa wa reli hii ya kati ni nani? Na mpinzani wetu wa kweli ni nani, maana hapa kila mtu anakwambia Simba na Yanga tu.
Msomaji, Ujiji

JIBU: Ndugu yangu, wote wawili mnagombania picha za ukutani. Yanga huyohuyo alienda uwanja wa Ali Hassan Mwinyi Aprili 2025 akawapiga hao Nyuki wa Tabora 3 bila, na nyie wa mwisho wa reli mwezi wa pili mwaka huohuo mlikula 5 nyumbani kwenu, mmesahau? Sasa hapo nani amcheke mwenzie.

Tuchukue kalamu. Ligi ina timu 16, unacheza mechi 30. Toa Yanga, Simba, Azam na Singida Black Stars, wale wanne wa juu wa 2024/25, utakuta umecheza nao mechi 8 tu, yani pointi 24 basi. Zinabaki mechi 22 na wenzio wa saizi yako, hizo ni pointi 66 zimekaa pale zinakusubiri. Yanga alibeba ubingwa na 82, Simba 78, afu ukishuka mpaka kwa hao Tabora wa 5 unakuta shimo kubwa kweli kati yao na huyo wa 4, kuanzia pale kwenda chini wote wamebanana kama abiria wa daladala, ukishinda mechi mbili mfululizo unapaa, ukifungwa mbili unaanza kuangalia chini.

Kwahiyo mpinzani wako ni Dodoma Jiji, ni Namungo, ni Coastal Union, ni Pamba Jiji. Na JKT Tanzania ndo kabisa, maana ile ni magwanda kwa magwanda, timu ya jeshi na timu ya JKT, mi nashangaa mechi kama ile haina kelele za dabi. Sare ya bila bila na Namungo nyumbani inauma kuliko kufungwa na Mnyama, ila nenda kijiweni kesho yake uone kama kuna mtu anaiongelea. Hamna. Wanaongelea Simba kacheza na nani.

Haya, mkubwa nani. Kwa msimu ule nampa shemeji yako, sio kwa sababu ya Chamazi, nampa kwa walikotoka. Hawa Agosti 2023 walianza ligi wakiwa bado wanaitwa Kitayosce, wakaingia uwanjani na Azam wakiwa wachezaji 8 tu sababu ya mambo ya usajili, wakapigwa nne mtungi mechi ikavunjika hata mbali haijafika. Msimu ule wakaponea kwenye pleiofu, zile mechi za kugombania kubaki ligi, mwaka unaofuata wa 5! Hiyo sio ya kubeza. Nyie mlipanda 2023 kwa kumtoa Mbeya City na toka hapo mmetulia zenu, heshima yenu ipo. Na sa hivi wenzenu wameshabadilisha tena jina wanaitwa TRA United, kwahiyo shemeji akikuletea maneno we muombe risiti.

SWALI: Mimi nipo Mwanga hapa Kigoma. Siku Simba alipokuja Novemba 2024, tumewabana mpaka dakika za nyongeza nikajua pointi moja ipo mfukoni, Mukwala wa Simba akafunga, jukwaa zima likaruka! Namwangalia jirani yangu niliyekuwa nashangilia nae toka mwanzo, anavua jezi ya Mashujaa, ndani ana nyekundu. Hawa watu tuwafanyaje?
Dada wa Mwanga

JIBU: Pole dada yangu, nimecheka ila pole. Usiwafanye chochote. Yanga ipo toka 1935, Simba 1936, mtu kairithi kwa babu yake kupitia redio huko Kasulu kabla hata ya kuota kwamba ligi kuu itafika kwenu. Mashujaa imekuja ligi kuu 2023, watoto wanaozaliwa na hiyo timu bado wako chekechea huko. Na kiingilio anachukua mwenyeji, kwahiyo huyo wa jezi mbili kalipa hela yake imeingia kwenu, mwache aje na mke na watoto, waje na nyekundu zao. Ninachokasirika mimi ni yuleyule kutoonekana Jumatano akija Coastal. Hapo mfuate mpaka nyumbani, mgongee mlango, mwambie twende.

SWALI: Hii pleiofu ikoje? Kila mwaka naelezwa sielewi. Msomaji, Uvinza

JIBU: Wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja, 2024/25 walikuwa Kagera Sugar na KenGold. Wa 13 na wa 14 wanapimana nyumbani na ugenini, anayeshinda kapona, aliyefungwa anapewa nafasi nyingine ya kucheza na timu ya Championship, ile ligi ya chini ya ligi kuu. Msimu ule Prisons ndo alipona mapema, Fountain Gate akaenda kukutana na Stand United ya Shinyanga, akashinda akabaki. Stand walipiga ligi nzima ya chini wakakwama mlangoni, na mi hii sheria siipendi, mtu kafeli mara mbili bado anapewa mtihani wa tatu.

Na wewe uliyetuma mkeka wa Jumamosi ukitaka niukague, mi sibeti ndugu yangu, jaribu kwingine.