Vigae 14 Juu ya Mkeka: Kwa Anayeomba Ufadhili wa Mafunzo ya Uchimbaji wa Akiolojia

Barua pepe ya kunikatalia ufadhili wa mafunzo ya akiolojia, ile kazi ya kuchimba na kuchunguza mabaki ya watu wa kale, ilinikuta juu ya jukwaa, napiga plasta nyumba ya mtu hapa Magomeni, Bagamoyo. Mistari minne tu. Wa tatu ndio ulionichoma: maelezo yangu yalikuwa mazuri, ila picha niliyoambatanisha ilikiuka masharti ya maadili ya mfuko wao wa ufadhili. Nikashuka, nikakaa juu ya mfuko wa saruji, nikaitazama upya ile picha kwenye simu. Mkeka wa mama, na juu yake vigae 14 nilivyovipanga kwa ukubwa. Vipande vya vyombo vilivyovunjika: vingi vya vyungu vya kwetu, vyekundu, vyenye michoro ya kuchanjwa shingoni. Viwili vya kijani kibichi kilichofifia, vya bakuli za Kichina. Nilikuwa nimeviokota kimoja kimoja ufukweni Kaole, penye magofu ya mji wa kale, kwa miaka. Na mimi nilidhani picha ile ndiyo itakayonipa fedha!

Mwaka uliofuata niliomba tena, nikapata. Tangu hapo nimeulizwa sana nilifanyaje, na jibu langu linawachosha watu: nilisoma masharti, safari hii nikiwa na kalamu mkononi.

Anza na neno ridhaa. Kwenye mpira tunalielewa vizuri, kwenye akiolojia tunalikimbia. Mfuko unaosema ni wa wanaakiolojia wa ridhaa unamtafuta fundi, mwalimu, nesi mstaafu, mtu asiyelipwa mshahara kwa kazi hiyo wala kuisomea digrii. Sasa mtu akiiona fomu anaanza kujipamba. Rafiki yangu anayetembeza wageni magofuni alijiandika "mtaalamu wa mambo ya kale", akaenguliwa hatua ya kwanza, na haki yao. Iko pia mifuko iliyo kinyume cha huo. Ule wa Jane C. Waldbaum, wa Archaeological Institute of America, ni wa wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Kanada ambao hawajawahi kushiriki uchimbaji. Mimi na wewe tukiujaza tunamaliza bando bure. Kwa hiyo kabla ya kusoma wanatoa kiasi gani, tafuta pale wanaposema nani hastahili.

Kisha kambi yenyewe ya uchimbaji, unakokwenda kufundishwa. Karibu kila mfuko utataka uthibitisho kwamba mafunzo yanaongozwa na mwanaakiolojia mwenye sifa na kwamba mtafundishwa kweli, siyo kukusanya vibarua wanaojilipia chakula. Marekani kuna chombo kinaitwa Register of Professional Archaeologists ambacho hukagua na kuidhinisha kambi za namna hii. Huku kwetu uliza leseni ya kuchimba chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Uliza bila haya. Kiongozi wa kambi yetu nilipomwandikia alinitumia nakala siku hiyo hiyo. Anayekuzungusha kwa jambo dogo kama hilo, mwache na kambi yake.

Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye vigae vyangu. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kigae cha chungu ni kitu, hata kama mawimbi yamekilamba mpaka kimekuwa kama kokoto. Nilivifunga kwenye mfuko wa unga, nikavipeleka kwa afisa wa mambo ya kale. Binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Nilitegemea kukaripiwa. Hakunikaripia, alitoa vikadi na kalamu.

"Hiki ulikiokota wapi, baba?"

"Kaole, ufukweni."

"Upande gani? Kwenye mikoko au huku yanakotoka maji ya mvua?"

Sikumbuki. Akakiweka pembeni, akashika kingine. Na hiki? Kilikuwa juu ya mchanga au kimechomoza kwenye ukingo? Sikumbuki. Tulikwenda hivyo mpaka cha 14. Kila kikadi kiliandikwa maneno yale yale, mahali kamili hapajulikani, na mimi nimekaa pale naona aibu inapanda taratibu kama maji kujaa. Mtu aliyechimba kwa utaratibu angekuwa na jibu kwa kila kimoja. Kigae cha Kichina kilichotoka chini ya sakafu kinaweza kukuambia sakafu haikujengwa kabla ya bakuli lile kufika pwani hii. Cha kwangu hakisemi kitu. Ndiyo maana mifuko hii inakutaka utie sahihi kwamba hukusanyi, hununui wala huuzi mali kale. Sipendi kusema walikuwa sahihi kunikataa, lakini basi.

Fedha. Hapa ndipo watu wengi wanakwama hata wakishapata. Mfuko mwingine hulipa ada moja kwa moja kwa wenye kambi, mwingine unakurudishia ulichotumia baada ya kurudi na risiti. Wangu ulikuwa huu wa pili, na sikuuelewa mpaka barua ya pongezi ilipofika bila senti. Ada, nauli, hema, buti, sindano ya pepopunda waliyoitaka kwenye cheti cha daktari, vyote nitangulize mimi! Mke wangu alinikopea kwenye kikoba chao, kwa jina lake, na ile miezi miwili ya kusubiri marejesho alikuwa akinitazama kwa namna sitaieleza hapa.

Halafu hizo risiti zenyewe. Bodaboda gani wa Bagamoyo anatoa risiti? Mama ntilie je? Niliwaandikia kabla ya safari, wakakubali ujumbe wa muamala wa simu, na kwa malipo ya mkononi wakakubali karatasi yenye tarehe, kiasi na sahihi ya mpokeaji. Nilinunua kitabu kidogo cha risiti dukani, nikawa natembea nacho. Madereva walicheka, lakini walisaini. Uliza kabla, kwa maandishi, na majibu yao uyatunze.

Barua za wadhamini hazina mengi. Walisema mdhamini asiwe ndugu, na mji huu nani si mjomba wa mwenzake? Nilikwenda kwa mwalimu wangu wa historia, mstaafu sasa. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Umekuja na fomu au na maneno?" Nenda na fomu. Na saa ya mwisho ya kupokea maombi ipige hesabu vizuri: wakiandika 5:00 p.m. ya London, hiyo ni saa kumi na moja jioni ya kwao. Majira yao ya baridi sisi tuko saa mbili usiku, ya joto saa moja. Yuko mtu aliyeisoma ile tano kuwa saa tano usiku, akachelewa.

Kwenye insha mara ya kwanza niliandika napenda historia tangu utotoni, maneno ambayo kila mtu ameyaandika. Mara ya pili nikaeleza chokaa: jinsi matumbawe yanavyochomwa juu ya magogo, unga wake ukamwagiwa maji na kuachwa upoe kabla ya kushikwa, na kwa nini mawe ya mihrabu huchongwa yakiwa bado laini, yametoka baharini. Andika mikono yako inajua nini. Kule kambini ndicho kilichonisaidia. Tulikuwa kwenye shimo la mita 2 kwa 2, tunakwangua kwenda chini sentimita 10 kila awamu, likatokea tabaka jeupe, unene wa vidole viwili. Wanafunzi wakasema sakafu. Nilipiga magoti nikaona pembezoni linapungua kama sahani, na chini yake hakuna kokoto zilizoshindiliwa. Nikasema hapa hapakukaliwa, hapa mafundi walichanganyia chokaa yao. Kiongozi akaangalia kitambo, akaniambia nikaiandike mwenyewe kwenye fomu ya tabaka, na sababu zake. Mwandiko wangu mbaya umo humo mpaka leo.

Ripoti ya mwisho usiicheleweshe, kwa sababu marejesho hayatoki bila hiyo, na picha za wanakijiji waombe ruhusa kabla hujazituma.

Nimesahau swali moja la fomu, na ndilo niliogopa kuliko yote: "Je, umewahi kuchukua au kumiliki mali kale yoyote?" Nafasi ya jibu ilikuwa mistari miwili. Mwenzangu alinishauri niandike hapana, nani atajua. Niliandika: Ndiyo. Vigae 14, ufukwe wa Kaole, vimekabidhiwa kwa afisa wa mambo ya kale. Chini yake nikaambatanisha picha moja tu, ya hati ya makabidhiano.