Cardiff walirudi bluu, Januari 2015

Hapana kaka, wewe unayesema Cardiff City, ile timu ya mpira ya Wales, bado wanavaa nyekundu umekosea, walisharudi bluu Januari 2015. Nyekundu aliileta mmiliki wao Vincent Tan wa Malaysia mwaka 2012, alisema ni rangi ya bahati na itauza jezi Asia, ndo bluu ikasukumwa ikawa ya ugenini na kwenye nembo wakaweka dragoni mkubwa, ndege wao wa bluu akabaki kadogo chini, wakati timu yenyewe inaitwa Bluebirds, yaani ndege wa bluu! Mashabiki waliandamana, wengine walikuwa wanaingia uwanjani na skafu za bluu. Hiyo naikumbuka vizuri sababu msimu wa 2013/14 walikuwa Ligi Kuu ya England na ile mechi waliyomfunga Man City 3-2 niliiangalia kibanda umiza huku Kirumba, wako nyekundu tupu. Ila tuseme ukweli, walipanda daraja wakiwa na hiyo hiyo nyekundu, kwa hiyo anayesema iliwaletea mkosi naye anakosea. Walishuka msimu huohuo wa Ligi Kuu, na bluu ikarudi wakiwa Championship, daraja la pili la England.