Nina shahada ya Jiografia. Uzamili wa mipangomiji utanifikisha wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalam. Nina shahada ya Jiografia na Mazingira, na kwa sasa nakusanya takwimu kwenye mradi wa maji hapa Morogoro. Nafikiria kusoma uzamili wa mipangomiji Chuo Kikuu Ardhi. Nikimaliza nitahesabiwa mpangamiji kamili? Na nje ya halmashauri, kazi ziko wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kwanza amua kama unataka kusaini michoro ya mipangomiji kama mpangamiji aliyesajiliwa, au unataka kazi zinazoizunguka michoro hiyo. Ni njia mbili tofauti.

Kusaini kunalindwa na sheria. Sheria Na. 7 ya mwaka 2007 ndiyo iliyoweka bodi ya kusajili wataalam wa mipangomiji, na cheti cha uzamili peke yake si usajili. Bodi inataka kujua umesoma nini na umefanya kazi gani. Kwa hiyo kabla hujalipa ada, chukua mtaala wa kozi unayoitaka pamoja na matokeo yako ya shahada ya kwanza, uiandikie bodi, na usubiri jibu la maandishi. Maneno ya mdomo ya mtu wa udahili hayatakutetea baadaye. Soma pia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa nafasi ya Afisa Mipangomiji Daraja la II, uone wanataja shahada ipi. Wengi huangukia kwenye mchujo kwa sababu shahada yao ya kwanza ni ya fani nyingine, hata kama wana uzamili.

Ukali huo una sababu. Chukua urasimishaji wa makazi, yaani kuyapanga, kuyapima na kuyapa hati makazi yaliyojengwa bila mpango, tuseme Kimara, Dar es Salaam. Nyumba zimeshasimama, kila mtu ana mpaka wake wa michongoma au ukuta. Mpangamiji anafungua picha ya anga, anachora viwanja na njia, kisha anakwenda kwenye mkutano wa mtaa kuwaomba wenye nyumba waachie kipande cha uwanja ili barabara ipite, mara nyingi bila fidia. Hapo ndipo kazi ilipo! Mchoro ukishaidhinishwa mpima anaweka bikoni, yaani alama za mipaka, hati zinafuata, na upana wa njia uliokubaliwa siku ile ndio utakaoamua kama gari la zimamoto au la kunyonya maji taka litafika. Studio za chuo zitakufundisha kuchora. Kukaa na mwenye ukuta aliyenuna utajifunzia kazini, chini ya mtu aliyekomaa, basi tafuta mahali pa namna hiyo mapema.

Usiposajiliwa, hujapotea. Kampuni binafsi za upangaji na upimaji huhitaji watu wa GIS (mifumo ya kompyuta ya kutengeneza na kuchambua ramani) na wa kukusanya takwimu mitaani, ingawa malipo yao hupanda na kushuka kufuata miradi. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016, yamefungua maswali mengi ya matumizi ya ardhi kando ya njia zake. Mafuriko nayo: Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za Dar es Salaam ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo kuchora mitaa inayojaa maji, na ujuzi wa aina hiyo bado unatafutwa. Ila usijitangaze kwa QGIS, programu ya bure ya GIS, peke yake. Siku hizi kila mhitimu anaijua.

Wewe una kitu ambacho wapangamiji wengi hawana: unajua maji. Mipango ya makazi na mipango ya maji huandikwa katika ofisi mbili zisizosalimiana, na anayesoma zote mbili ni adimu. Ningekuwa wewe, tasnifu ningeifanyia hapo hapo Morogoro, juu ya makazi yanayosogelea Bwawa la Mindu na kinachoingia kwenye maji ya mji. Umeshawazoea watu, na takwimu unajua zilipo. Tafuta msimamizi anayefanya kazi za maji au mazingira, si anayefundisha nadharia peke yake, na uzungumze naye kabla ya kuomba nafasi.